Wingu Juu ya Mlima Meru Halitangazi Tetemeko

Kila ardhi inapotikisika upande wa Ziwa Natron, simu za wakazi wa Arusha na Moshi hujaa picha za mawingu ya mistari au ya duara, zikiambatana na onyo kwamba tetemeko kubwa linakuja. Wanaozisambaza wana nia njema. Lakini wingu la duara juu ya Meru au Kilimanjaro ni upepo wenye unyevu uliopanda mlima ukapoa. Tumelieleza hili mara nyingi, na tunaomba sasa lieleweke.

Kutafuta dalili angani ni sayansi ya kweli. Watafiti wanadhani mwamba unaobanwa kabla ya kupasuka huweza kuachia gesi ya radoni na chaji za umeme, athari yake ikafika hadi ayonosfia, tabaka la juu la hewa lenye chaji. Ufaransa ilirusha setilaiti ya DEMETER mwaka 2004 kwa utafiti huo, na China ikarusha yake mwaka 2018. Baada ya tetemeko la Tohoku, Japani, Machi 2011, mtafiti Kosuke Heki alionyesha kuwa elektroni za ayonosfia ziliongezeka takriban dakika 40 kabla. Watafiti wengine walihoji alivyokadiria hali ya kawaida ya siku ile, aliyoilinganisha na ongezeko hilo. Ugumu uko hapo: jua lenyewe huivuruga ayonosfia mara kwa mara, na ukishaijua siku ya tetemeko hukosi kuona jambo la ajabu siku chache nyuma yake. Dalili ya kutegemewa itaje mahali, wakati na ukubwa mapema, tena isitutishe bure kila mwezi. Hadi leo haijapatikana. Mitetemo ya Mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron, ya Julai 2007 haikutabiriwa, wala tetemeko la Bukoba la Septemba 10, 2016, ambako watu waliangukiwa na kuta.

Kuta ndizo za kuhangaikia. Mwulize fundi wako kuhusu nondo na mkanda wa zege kabla hajapandisha tofali.

Kuhusu ujumbe: kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo, kwa nia ya kupotosha umma. Faini haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Ukisikia mtikisiko, andika saa na dakika kama simu inavyoonyesha, mtaa au kijiji, na ghorofa uliyokuwapo. Eleza kilichotikisika: vyombo, taa, au kabati zima. Piga picha ya ufa ukiweka rula au sarafu pembeni. Mpelekee mwenyekiti wa mtaa au kijiji taarifa hiyo, naye ataifikisha kwenye kata na kamati ya usimamizi wa maafa ya wilaya. Kama kuna aliyenaswa kwenye kifusi, piga 114 kwanza, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Picha ya anga haihitajiki.