Vyuo vya Marekani Havikuanza Kuhama Jana

Mashabiki wengi wa michezo ya vyuo vikuu Marekani huamini kwamba zamani kila chuo kilitulia kwenye ligi yake, na kwamba kuhamahama ni tabia ya miaka hii. Sivyo. Mwaka 1932, vyuo 13 kati ya 23 vya ligi ya Southern Conference vilijitenga vikaunda ligi ya SEC. Mwaka 1953 vingine 7 vikatoka Southern Conference hiyohiyo na kuanzisha ligi ya ACC.

Kilichobadilika ni sababu. Mwaka 1932 tatizo lilikuwa umbali na wingi wa wanachama. Kisha mwaka 1984 Mahakama ya Juu iliivua NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, udhibiti wa matangazo ya televisheni ya futiboli ya Kimarekani, na ligi zikaanza kuuza mechi zao zenyewe. Tangu hapo, mkataba wa matangazo ukikaribia kwisha, chuo hupiga hesabu: je, mgawo wa fedha za matangazo katika ligi mpya utafidia ada ya kujitoa kwenye ligi ya zamani?

Ndiyo maana ligi ya Big Ten, iliyoanza na vyuo 7 mwaka 1896, ilifikia 18 mwaka 2024, na ligi ya Pac-12 ikabaki na viwili tu. Inasikitisha zaidi kwa wachezaji wa voliboli, ambao sasa mechi ya Big Ten huwatoa Los Angeles, magharibi mwa nchi, hadi New Jersey, mashariki.