Udukuzi na uharamia wa mtandaoni: sheria za Tanzania na Kenya zinakataza nini hasa

Kisheria, udukuzi ni kuingia katika mfumo wa kompyuta, au kuutumia, bila idhini ya mwenye mamlaka juu yake. Uharamia wa mtandaoni ni kunakili, kusambaza au kuonyesha kazi ya mtu yenye hakimiliki bila ruhusa yake. Makosa haya hutajwa pamoja kwa kuwa yote hutendeka kwa simu na kompyuta, lakini kila moja lina ushahidi wake. Mdukuzi anaweza asichukue chochote na bado akawa na hatia. Anayeuza filamu za wizi kwenye flashi anaweza asiguse nywila ya mtu yeyote na bado akawa na hatia.

Sheria ya udukuzi ni changa kuliko watu wengi wanavyodhani. Katikati ya miaka ya 1980 huko Uingereza, Robert Schifreen na Stephen Gold waliingia katika Prestel, huduma ya taarifa ya British Telecom, wakafika hadi kwenye sanduku la barua la Mwanamfalme Philip. Walishtakiwa kwa sheria ya kughushi ya mwaka 1981 kwa sababu hapakuwa na sheria nyingine iliyofaa. Walitiwa hatiani, kisha wakashinda rufaa, na mwaka 1988 Mabwana wa Sheria, majaji wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, wakathibitisha ushindi huo: kuingiza nywila ya mtu mwingine hakukuwa kughushi kwa maana ya sheria ile. Bunge likatunga Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 1990, na msingi wake ni kwamba kuingia tu, huku ukijua huna ruhusa, ni kosa kamili. Wazo hilo ndilo lililomo katika sheria zetu.

Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2015. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao, Na. 5 ya 2018. Ya Kenya ilitiwa saini Mei 2018, na kabla ya mwezi huo kwisha Mahakama Kuu ilisimamisha vifungu 26 kutokana na shauri la chama cha wanablogu, BAKE. Februari 2020 mahakama hiyohiyo ilivirudisha. Mvutano ule ulihusu zaidi uhuru wa maoni na faragha. Sheria hiyo imerekebishwa tangu hapo, kwa hiyo soma toleo la karibuni kabla ya kuitegemea.

Tuanze na kuingia. Kifungu cha 4 cha Tanzania kinamkataza mtu kuingia katika mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria. Tafsiri ya kuingia ni pana: kuupa mfumo amri, kuwasiliana nao, kuhifadhi au kuchukua data ndani yake, au kutumia rasilimali yake yoyote. Hakuna sharti kwamba lazima uvunje kinga. Simu iliyoachwa mezani bila kufungwa, ukaichukua na kusoma meseji zake, inaweza kuangukia humo. Kifungu cha 14 cha Kenya kimejengwa tofauti: kinataka mtu awe amekiuka hatua za ulinzi, kwa nia ya kuingia, akijua kwamba hana idhini. Anayetetewa Nairobi ataulizia ulinzi uliovunjwa ni upi. Huko Dar es Salaam swali hilo halimsaidii sana, atalazimika kubishania makusudi na uhalali.

Tanzania ina pia kosa ambalo wengi hawalijui: kubaki ndani. Kifungu cha 5 kinamhusu aliyeingia kwa ruhusa kisha akaendelea kukaa baada ya muda wa ruhusa kwisha. Fundi aliyepewa akaunti ya msimamizi arekebishe seva siku moja, akaiacha wazi na kuendelea kuchungulia wiki nzima, yumo. Mfanyakazi aliyeacha kazi na kugundua nywila yake bado inakubali, akaingia kupakua orodha ya wateja, yuko katika hali mbaya zaidi, kwa sababu idhini yake ilikufa siku mkataba ulipokwisha, hata kama kitengo cha kompyuta kilizembea kufunga akaunti. Uzembe wa mwajiri haumpi mtu idhini.

Kwa wanaopima usalama wa mifumo, idhini lazima iwe karatasi. Ukiona tundu kwenye tovuti ya taasisi, ukaingia ili kuthibitisha, kisha ukawaandikia kwa nia njema, umekwisha kuingia. Barua ya idhini inayofaa hutaja anwani za IP (namba zinazotambulisha mashine mtandaoni) na majina ya tovuti yanayopimwa, tarehe na saa za kuanza na kumaliza, mbinu zinazoruhusiwa na zisizoruhusiwa, na cheo cha anayesaini. Hapo kwenye cheo ndipo barua nyingi zinapoharibika: meneja wa idara anasaini kuhusu seva ambayo kampuni imeikodi kwa mtoa huduma wa nje, na mtoa huduma hakuulizwa. Kifungu cha 18 cha Kenya, kinachokataza programu na misimbo ya kuingilia mifumo, kinaacha nafasi kwa mafunzo, majaribio na ulinzi vilivyoidhinishwa. Bila idhini hiyo, programu zilezile kwenye kompyuta yako zinaweza kuwa kielelezo cha upande wa mashtaka.

Adhabu zinahitaji kusomwa kwa makini, kwa sababu nchi hizi mbili zinazipanga kinyume. Kwa kuingia bila idhini, Tanzania inaweka faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida aliyoipata mkosaji, kubwa kati ya hizo, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Kenya inaweka faini isiyozidi shilingi milioni 5 za Kenya, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hakimu wa Kenya anaweza kushuka chini kadiri mazingira yanavyodai. Sheria ya Tanzania inampa hakimu sakafu badala ya dari. Mpango huo ni mkali kupita kiasi kwa makosa madogo, na unaonekana waziwazi zaidi tukifika kwenye uharamia.

Kifungu cha 24 cha Tanzania kinakataza kutumia mfumo wa kompyuta kwa nia ya kukiuka haki za ubunifu, hakimiliki ikiwa mojawapo. Kama ukiukaji si wa kibiashara, faini haipungui shilingi milioni 5 au kifungo hakipungui miaka 3. Kama ni wa kibiashara, faini haipungui milioni 20 au kifungo hakipungui miaka 5. Ona basi: mwanafunzi anayesambaza kitabu kilichopigwa skani kwenye kundi la WhatsApp bila kulipwa senti anakabiliwa na kiwango cha chini kilicho juu ya kile cha mdukuzi. Kinachomlinda ni neno nia, ambalo upande wa mashtaka lazima uthibitishe. Sheria hii inatumika Bara na Zanzibar, lakini hakimiliki yenyewe ina sheria mbili: Bara ni ile ya 1999, chini ya ofisi yake ya hakimiliki, COSOTA, na Zanzibar ni ya 2003, chini ya ofisi yake, COSOZA. Msanii wa Unguja anayepeleka lalamiko COSOTA anapoteza wiki nzima bure.

Kenya ilishughulikia uharamia kupitia Sheria ya Hakimiliki, iliyorekebishwa mwaka 2019, kwa kuleta notisi ya kuondoa maudhui. Hii ndiyo silaha ya haraka ya mwenye kazi, na hutumwa kwa mtoa huduma wa intaneti. Iwe ya maandishi, yenye jina, anwani na saini yako. Ieleze kazi iliyoibwa, haki iliyokiukwa, na anwani kamili ya ukurasa ilipo. Iambatane na kiapo au tamko kwamba kazi ni yako, kwamba unalalamika kwa nia njema, na kwamba ulijaribu kwanza kumwomba aliyeiweka aiondoe. Maelezo hayo yatenganishwe kwa kila kazi. Nyimbo kumi, maelezo kumi. Nakala iende Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Mtoa huduma humjulisha anayelalamikiwa, na kama hakuna notisi ya kupinga, anapaswa kuzuia maudhui ndani ya saa 48 za kazi. Notisi nyingi hukwama kwa kutaja tovuti nzima badala ya ukurasa, au kwa kuacha lile jaribio la kumwomba mhusika. Notisi ya uongo nayo ni kosa: faini isiyozidi shilingi 500,000 za Kenya, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili.

Tanzania nayo inaruhusu notisi ya kuondoa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao, na inasema wazi kwamba mtoa huduma halazimiki kuchungulia kila kinachopita kwake. Wajibu wake unaanza anapoarifiwa. Kwa hiyo tunza uthibitisho kwamba notisi ilipokelewa, na tarehe yake.

Ushahidi ndio unaoangusha kesi nyingi. Picha ya skrini isiyoonyesha anwani ya ukurasa, tarehe na saa haina nguvu. Kenya inataka cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza rekodi ilivyotolewa na kwa kifaa gani. Wakili akikisahau, kielelezo kinaweza kukataliwa. Tanzania, kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, huangalia jinsi data ilivyotengenezwa na kuhifadhiwa, na kama haikuguswa. Akaunti ikidukuliwa, wengi hukimbilia kufuta kila kitu na kusakinisha upya, na hapo logi (kumbukumbu) za kuingia, ambazo zingeonyesha saa na anwani ya IP ya mvamizi, hupotea moja kwa moja. Badili nywila kutoka kwenye kifaa kingine, ondoa kifaa kilichovamiwa mtandaoni, nakili logi kwenye diski ya nje, kisha ndiyo usafishe.

Kwa anayeendesha mfumo nchini Kenya kuna wajibu wa ziada: shambulio liripotiwe kwa kamati ya taifa ya uratibu wa makosa ya mtandao ndani ya saa 24. Ripoti ya kwanza haihitaji kuwa na majibu yote; inatosha kueleza ni nini kimetokea, lini, mfumo upi umeguswa na hatua zipi zimechukuliwa, na mengine yafuate uchunguzi unavyoendelea.