Kurekodi TV nyumbani: akili zote kwa seva moja, vyumbani peleka vijinga

Nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, kuna TV nne na antena moja, na antena hio kwa miaka ilikuwa mali ya nyanya. Dekoda ilikuwa sebuleni kwake. Ikifika saa moja jioni ni taarifa ya habari, hapo hata nyumba iwe yawaka moto stesheni haibadilishwi, watoto wataka katuni, shangazi ana tamthilia yake, na mie mwenyewe kazi yangu ni kuvuta waya na kupanga mitandao kwa maofisi ya watu alafu kwetu tunagombania remoti, aibu tupu.

Sasa kila chumba chaona kinachotaka, na kilichopita kimerekodiwa. Watu wameniuliza sana nimefanyaje so naeleza hapa, na makosa yangu pia ntayasema.

Wazo lenyewe ni dogo. Antena, tyuna (kifaa kinachoshika stesheni kutoka kwa antena) na diski zote zinakaa kwa mashine moja, ndio seva. Hio ndio yashika mawimbi, yarekodi, yaweka ratiba na kugawa picha kwa waya wa mtandao. Vyumbani unaweka vikompyuta vidogo visivyo na kitu ndani, thini klayenti, kazi yao ni kupokea na kuonyesha basi. Kikiharibika unang'oa unaweka kingine na hakuna rekodi iliyopotea. Nimeona watu wanafanya kinyume, wananunua boksi za bei kali kila chumba alafu kila boksi ina rekodi zake, ukirekodi chumbani huwezi kuona sebuleni, sasa hapo umefanya nini?

Tuanze na tyuna manake hapa ndipo hesabu huwa inaharibika. Mtu ana TV nne anasema basi nanunua tyuna nne. La. Zamani za analojia masafa mamoja yalikuwa yabeba stesheni moja, lakini DVB-T2, hii aina ya dijitali ya antena tunayotumia Kenya, masafa mamoja yabeba furushi zima la stesheni, na tyuna ikishika furushi inashika vyote vilivyo ndani. Kwa hivyo hesabu mafurushi, usihesabu TV. Wale mnaokumbuka mzozo wa Februari 2015, stesheni kubwa zilipozima matangazo wakati analojia inafungwa, mtakumbuka kulikuwa na kampuni za kurusha mafurushi, Signet ya KBC na ADN ya Nation, Royal Media na Standard. Ugawaji ule ndio unaokuhusu hapa, kwa sababu NTV, Citizen na KTN zinasafiri furushi moja. Tyuna moja yaweza kurekodi zote tatu kwa mpigo, huku nyanya aangalia mojawapo laivu. Tyuna ya pili naiacha kwa KBC na wenzake. Mie nina mbili na TV nne, na ugomvi umekwisha. Dekoda za kulipia nazo sahau, zile zimefungwa kwa kadi, hapa naongelea stesheni za bure tu.

Tyuna yangu ya kwanza niliuziwa mbuzi kwenye gunia. Kaboksi kameandikwa TV ya dijitali, nikalipa, nikachomeka, Linux, mfumo unaoendesha seva, ikaitambua vizuri kabisa, nikaskani mara tatu, stesheni sufuri. Nikapanda juu ya paa kuzungusha antena kwa jua la saa saba mchana, wallahi nilikaribia kuanguka. Kumbe ndani chipu ilikuwa RTL2832U, na hio peke yake inajua DVB-T ile ya kwanza, T2 haielewi hata kidogo. Nusu ya kosa ni langu sikusoma. Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa uliza chipu, usiulize jina la boksi. Mie nilitulia na yenye Si2168, driva yake, programu ya kuiendesha, iko ndani ya Linux tayari, ila inataka faili la femwea, maagizo ya chipu yenyewe, uliweke kwa folda ya /lib/firmware, bila hilo itaonekana ipo lakini haishiki kitu. Ukichomeka andika dmesg, amri inayoonyesha taarifa za Linux, usome, itakwambia yenyewe inataka faili gani.

Antena sasa. Sisi watu wa pwani adui wetu ni chumvi. Kiungio cha waya ukikiacha wazi juu ya paa mwaka mmoja ukirudi kimeota ukutu wa kijani, na dijitali haikuonyi kama analojia ilivyokuwa yakuonya kwa chengachenga, inakaa safi safi safi alafu siku moja picha inakatika vipande na kunyamaza. Tumia waya wa RG6, viungio vya kubana kwa mashine si vya kuzungusha kwa vidole, na ufunge utepe wa mpira unaojigandisha. Kigawanyi kinachotoa njia mbili kinakula kama desibeli 3.5, cha njia nne kama 7, ndio sababu nyengine ya kutovuta waya wa antena hadi kila chumba. Antena iende kwa seva peke yake.

Seva yenyewe isikutishe. Yangu ni kompyuta kuukuu ya ofisi, RAM 4GB, Debian (aina ya Linux) bila skrini, imewekwa kwa ngazi ya juu penye upepo. Kurekodi si kazi ngumu, stesheni inakuja ikiwa imeshabanwa tayari, mashine inapokea na kuandika kwa diski vile vile ilivyo, prosesa imelala. Kazi ngumu ni kubadilisha picha kutoka aina moja hadi nyengine, nami sifanyi hilo, klayenti zote zafungua H.264, ile aina ya kubana picha, zenyewe.

Diski ipigie hesabu. Stesheni ya megabiti 2 kwa sekunde inakula kama 900MB kwa saa, ya HD ya megabiti 5 inakula 2.25GB. Diski ya 1TB basi ni zaidi ya saa elfu moja za kawaida, au zaidi ya mia nne za HD. Nilichukua zile diski za kamera za CCTV, WD Purple, zimeundwa kuandikwa mchana na usiku na maduka yanayouza kamera hayakosi. Mfumo uko kwa diski ndogo ya SSD mbali, rekodi ziko kwa diski kubwa, usichanganye.

Programu ya kurekodi na kugawa picha ni Tvheadend. Kuna MythTV pia, ya tangu 2002, na ndio iliyonifunza hii habari ya mashine moja nyuma na nyengine mbele, ni nzuri ila kwangu ilikuwa nzito kuilea. Tvheadend unaifungua kwa brauza kupitia mlango wa mtandao (port) 9981, na klayenti zaongea nayo kupitia 9982. Unatengeneza mtandao wa DVB-T2, unaweka masafa, inaskani, inakuletea stesheni, unazipanga namba. Usimpe kila mtu akaunti moja. Chumba cha watoto kina akaunti yake na kinaona zile stesheni nilizozipa alama tu, na hakina ruhusa ya kufuta. Hili nililiongeza baada ya mtoto wa dadangu kufuta kipindi cha harusi ya jirani kilichotoka kwa TV, na jirani alikuwa anakuja kukiona kila wiki.

Klayenti tatu ni HP t620 za mtumba, zile zilizotoka ofisini, hazina feni, zina Radeon ndani inayofungua H.264 bila kutoka jasho. Tundu zake za picha ni DisplayPort, so kumbuka adapta ya kwenda HDMI, sauti inapita humo humo. Nilizitoa diski kabisa. Ukiwasha, inauliza mtandao nani ataniwasha, seva inajibu, inaituma LibreELEC, mfumo mdogo wa kuendesha Kodi, programu ya kuonyesha TV, kupitia TFTP, njia ya kutuma mafaili ya kuwashia, na mafaili yake mengine inayasoma kwa NFS, njia ya kusoma folda za seva kwa mtandao. Ruta yangu ya intaneti ndio inayogawa anwani na sikutaka kuigusa, basi dnsmasq, programu inayojibu maswali hayo ya kuwasha, kwa seva nikaiweka ipige debe pembeni tu, anwani utapewa na ruta, mie nakwambia faili la kuwashia liko wapi.

Hapa nilipoteza siku mbili nzima. Nilizipa klayenti zote tatu folda moja ya kuhifadhi mipangilio, nikajiona mjanja, nitengeneze mara moja zote zifuate. Ikiwaka ya kwanza sawa, ikiwaka ya pili Kodi ya kwanza inaanza kuchanganyikiwa, stesheni zinapotea, mara lugha imebadilika, mara inajizima. Zilikuwa zote zaandika kwa hifadhidata moja kwa pamoja. Dawa yake ni kila klayenti kuwa na folda yake, na seva inazijua kwa namba ya kadi ya mtandao, ile MAC, unatengeneza faili la kuwashia lenye jina la namba ile. Mfumo wenyewe zishirikiane, mipangilio kila mtu na yake.

Ya nne, ya nyanya, si t620. Ni Raspberry Pi 4, na sababu ni remoti. Hizi kompyuta za kawaida hazina CEC, ile njia ya HDMI inayopitisha amri za remoti ya TV, Raspberry inayo. Nyanya anatumia remoti yake ile ile ya miaka yote, mishale na kitufe cha kati. Nilijaribu kumpa remoti ya pili akaiweka kwa kikapu cha nyuzi, akaniambia, "Mjukuu wangu, mie remoti nnayo, hii mpe alokosa." Bishano likafa hapo.

Waifai usiitegemee. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kuliko mkono, mawimbi yakifika chumba cha pili yamechoka. Hesabu inasema klayenti nne za HD ni kama megabiti 20, swichi ya 100 inatosha na kubaki, lakini waifai ni kukatika katika na ukikatika kwa mpira hutasamehewa. Nilipitisha waya kwa njia za mabomba ya zamani, sikutoboa ukuta hata mmoja, baba mwenyewe alisimamia.

Tuje kwa saa, na hapa ndipo utafiti wote wa mitandaoni hautakusaidia. Mwongozo wa vipindi unaorushwa na stesheni zetu mara nyingi ni tupu, au upo lakini uko nyuma ama mbele saa tatu, kwa sababu kiwango chataka saa za UTC, saa ya dunia iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, na mtu kaingiza saa zetu. Kwa Tvheadend kuna sehemu ya kurekebisha hio tofauti kwenye mipangilio ya mtandao, rekebisha. Pale mwongozo ulipo mtupu mie naweka rekodi ya saa tu, kila siku kuanzia hapa mpaka pale. Kijana wetu mmoja alipewa kazi ya kumwekea nyanya taarifa ya habari, akaambiwa saa moja, akaandika 01:00. Wiki nzima tumerekodi marudio ya usiku wa manane, na nyanya anauliza mbona huyu mtangazaji wangu amebadilika sauti.

Na weka nyongeza. Usiku wa robo fainali ya CHAN, Agosti 2025, Harambee Stars na Madagascar pale Kasarani, mjomba alikuwa safarini akaniomba nimrekodie. Nikapima mechi, nikaweka muda wa saa mbili na dakika kumi, nikaona nimetoa zawadi. Ikaisha 1-1, ikaenda muda wa ziada, ikaenda penalti, na rekodi yangu ilikatika kabla mtu hajapiga hata moja. Tulitolewa, kwa hivyo labda nilimfanyia hisani, ila yeye hakuona hivyo. Sasa kila rekodi inaanza dakika 5 mapema na kuongezewa 20 mwisho, na mpira saa nzima na nusu. Diski ni kubwa, acha ipotee.

La mwisho ni stima. Ikipotea na kurudi, klayenti zinaamka kwa sekunde chache, seva bado yapiga miayo na kukagua diski, basi zinauliza nani ataniwasha, hazijibiwi, zinakata tamaa na kukaa na skrini nyeusi. Ndio sababu seva, ruta na swichi zote ziko kwa UPS moja, betri ya kushikilia stima, klayenti haziko, na kwa BIOS, mipangilio ya msingi ya seva, nimechagua stima ikirudi mashine iwake yenyewe. Ikizima katikati ya rekodi Tvheadend ikiamka inaendelea na kipande kilichobaki kwa faili jengine, si mbaya. Klayenti nazo nimeziwekea zijaribu tena na tena mpaka zijibiwe.

Rekodi zajifuta zenyewe baada ya siku 30, isipokuwa za nyanya. Hizo zina folda yake na haifutwi kitu, ana taarifa za habari za tangu mwaka juzi, na juzi alinitafutia mwenyewe ile ya siku ya mafuriko kwa mishale ya remoti yake, kabla sijamaliza kuketi.