Andromeda si nebula, na Orion si galaksi

Mvua zikishakatika huku kusini, mbingu ikawa safi kuanzia Kilwa mpaka Msimbati, picha za usiku huanza kusambaa kwenye simu za watu. Nazifurahia sana, kwa sababu zamani hazikuwepo. Mtu akiwa na kamera nzuri aliitumia kwenye harusi na mahafali basi. Ila maneno yanayoandikwa chini ya picha hizo yananikera: "Galaksi ya Orion, nikiwa Mikindani." "Nebula ya Andromeda." Juzi nimemsikia mtangazaji wa redio akisema Njia Nyeupe ni nebula kubwa tunayoiona kila usiku. Na nikimwambia mtu kwamba hapo pamekosewa, jibu huwa lile lile: "Si yote ni mawingu ya huko juu tu, mwalimu?"

Hapana. Na tofauti yake ni kubwa mno kuachwa ipite.

Maana yenyewe haina maneno mengi. Nebula ni wingu la gesi na vumbi lililo kati ya nyota na nyota. Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota pamoja na sayari zake, gesi yake, vumbi lake na nebula zake zote, vyote vimeshikwa pamoja na mvutano wao wenyewe. Nebula hukaa ndani ya galaksi kama moshi wa jiko moja unavyokaa ndani ya mji. Nebula ya Orion, ile inayoonekana kwa macho matupu kama nyota yenye ukungu kwenye upanga wa Jabari, yaani kundi la nyota la Orion, ina upana wa miaka ya nuru kama 24 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja) na iko umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi. Galaksi ya Andromeda ina upana unaozidi miaka ya nuru 100,000, na umbali wake ni miaka ya nuru milioni 2.5. Ya kwanza imo humu humu tulimo sisi, ndani ya galaksi yetu, Njia Nyeupe. Ya pili iko nje kabisa, na nayo ina nebula zake.

Nebula zina aina zake. Kuna zinazowaka zenyewe kwa sababu nyota changa zilizo ndani zinaichoma gesi, kama hiyo ya Orion. Kuna zinazoakisi tu mwanga wa nyota za jirani, kama ukungu wa buluu unaozizunguka nyota za Kilimia. Kuna za giza, ambazo huzijui ila kwa kuziba nyota za nyuma yake. Doa jeusi lililo kando ya Msalaba wa Kusini ni moja ya hizo. Na kuna zinazoitwa nebula za sayari, ambazo hazihusiani na sayari yoyote. Hizo ni gesi iliyotupwa na nyota inayoishia, na jina hilo zilipewa karne ya 18 kwa kuwa kwenye darubini za wakati huo zilionekana kama viduara. Hapo inatosha.

Linalostahili muda ni kwa nini watu wanavichanganya, maana sababu ipo na wala si ujinga. Wanaastronomia wenyewe walivichanganya kwa karne nyingi, na waliowatoa kwenye mkanganyiko huo, kwa sehemu kubwa, ni watu wa picha.

Mwaka 964 Abd al-Rahman al-Sufi, mnajimu wa Uajemi, aliiandika Andromeda kama wingu dogo. Hakukosea, kwa macho ndivyo inavyoonekana. Mfaransa Charles Messier, ambaye shida yake ilikuwa kutafuta nyotamkia, aliorodhesha vitu vyote vyenye ukungu ili visimpotezee muda, na kufikia 1781 orodha yake ilikuwa na vitu 103. Andromeda ni namba 31, Orion ni namba 42. Kwake yeye vyote viwili vilikuwa nebula, neno la Kilatini lenye maana ya ukungu, kwa sababu kwenye darubini yake ukungu ndio uliokuwepo. Jina lilitokana na sura, na sura haikusema kitu kiko wapi wala kimeundwa na nini.

Wa kwanza kuipasua sura hiyo ni Mwingereza William Huggins, mwaka 1864. Alichukua mwanga wa nebula moja ya sayari akaupitisha kwenye kifaa kinachoutawanya mwanga kwa rangi zake. Nyota ukiipitisha hapo hutoa upinde wa mvua mzima. Ile nebula ilitoa mistari michache tu inayong'aa, na katikati yake giza, na hiyo ni alama ya gesi. Akaigeukia Andromeda: upinde wa rangi uliounganika, kama wa nyota. Tofauti ilikuwa mezani tangu siku hizo, lakini hakuna aliyejua Andromeda iko umbali gani, kwa hiyo waliendelea kuiita nebula. Hata Isaac Roberts alipoipiga picha mwaka 1888, akaonyesha mikono yake inayojizungusha, wapo walioamini wanaona jua jipya na sayari zake likizaliwa.

Aliyeleta kipimo cha umbali ni mwanamke, Henrietta Leavitt wa Harvard. Kazi yake ilikuwa kukagua sahani za kioo, yaani picha za anga zilizopigwa huko Arequipa nchini Peru, mahali ambapo anga la kusini huonekana. Katika Wingu Dogo la Magellan, doa la mwanga lililo kwenye anga hilo la kusini, alifuatilia nyota zinazong'aa na kufifia kwa mpangilio, na mwaka 1912 akatoa matokeo ya nyota 25 kati ya hizo: yenye mzunguko mrefu zaidi ndiyo yenye nguvu zaidi. Kwa kuwa zote zimo ndani ya Wingu lile lile, umbali wake kwetu ni karibu sawa, hivyo tofauti ya mwangaza ilikuwa ya kweli. Kuanzia hapo, ukiipata nyota ya namna hiyo popote, unahesabu siku zake, unajua nguvu yake, kisha unapima umbali kwa jinsi inavyofifia machoni.

Mwezi Aprili 1920 wataalamu wawili wa Marekani, Harlow Shapley na Heber Curtis, walibishana mjini Washington kama nebula zenye mikono ni sehemu ya Njia Nyeupe au ni galaksi nyingine. Hawakukubaliana. Oktoba 1923 Edwin Hubble, akitumia darubini ya Mlima Wilson yenye kioo cha mita 2.5, alipiga picha ya Andromeda na kuona nukta aliyodhani ni nyota iliyolipuka. Akaiwekea herufi N, yaani nova. Alipoilinganisha na sahani za nyuma, akaikata ile N na kuandika VAR, yaani nyota inayobadilika mwangaza, pamoja na alama ya mshangao. Ilikuwa nyota ya namna ile ya Leavitt. Hesabu ilimpa miaka ya nuru kama 900,000. Leo tunajua ni zaidi ya mara mbili ya hapo, lakini hata hiyo ya kwanza iliitoa Andromeda nje ya Njia Nyeupe moja kwa moja. Tangazo lilisomwa tarehe 1 Januari 1925.

Na bado Hubble mwenyewe hakupenda kuziita galaksi. Aliendelea na "nebula za nje". Ndiyo maana ukifungua kitabu cha zamani utakuta "Nebula Kuu ya Andromeda", na anayelinakili jina hilo leo analinakili kosa ambalo wakati wake halikuwa kosa.

Sisi wa Mtwara na Lindi tuna jambo ambalo wengi hawana. Tuko nyuzi kama 10 kusini ya ikweta. Mwanzoni mwa Oktoba, saa sita usiku, simama Newala pale Shimo la Mungu, nyuma yako mji, mbele yako bonde la Ruvuma na Msumbiji. Wingu Dogo la Magellan liko kusini mbele yako, nyuzi kama 27 juu ya upeo, juu ya moshi wa mashamba yanayochomwa. Geuka kabisa uangalie kaskazini: Andromeda iko pale, nyuzi 38 hivi. Viwili hivyo vinafika juu kabisa ya njia zao karibu saa ile ile. London hawalioni Wingu Dogo, halichomozi kwao kamwe. Cape Town wanaliona vizuri, ila Andromeda kwao inatambaa chini karibu na ardhi. Nyota za Leavitt zimo upande mmoja, nyota ya Hubble imo upande wa pili, na wewe uko katikati na lenzi ya kawaida ya milimita 50 inaweza kuvipiga vyote viwili, kimoja baada ya kingine.

Kwa mpiga picha tofauti hii ina kazi ya kila siku. Nebula inayowaka haitoi rangi zote. Sehemu kubwa ya mwanga wake hutoka kwa haidrojeni, wekundu wa nanomita 656, na kwa oksijeni, kijani cha buluu cha nanomita 501 hivi. Kamera inayotoka dukani ina kioo mbele ya sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, na kioo hicho kinazuia sehemu kubwa ya wekundu huo ili ngozi za watu zitoke sawa. Ndiyo maana kamera iliyopiga bibi harusi vizuri inaitoa Nebula ya Carina ikiwa imepauka. Wengine hukitoa kioo hicho kwa fundi. Lakini rangi hizo chache zina faida pia: kuna vichujio vinavyopitisha rangi hizo tu na kuzuia zilizobaki. Ukiwa nacho, unaweza kuipiga nebula kukiwa na mbalamwezi, hata ukiwa mjini Mtwara na taa za bandari zinawaka.

Kwa galaksi kichujio hicho hakikusaidii. Mwanga wake ni wa nyota, rangi zote zimo, na mwanga wa mwezi ni wa jua, ambalo nalo ni nyota. Huna namna ya kuutenga mmoja na mwingine. Galaksi inataka giza. Wavuvi wa dagaa wanalijua neno hilo kuliko sisi: giza ni zile siku za mwezi ambazo wanaingia baharini na taa zao, mbalamwezi ni siku za kupumzika na kushona nyavu. Mimi kwa galaksi nafuata kalenda yao, isipokuwa naondoka pwani, maana taa zao zinaangaza bahari nzima. Newala, Nachingwea, Liwale, huko ndiko. Na Kilimia, ingawa ukungu wake ni nebula kweli, kwenye jambo hili iko upande wa galaksi, kwa sababu inaakisi mwanga wa nyota. Anayeiwekea kichujio cha haidrojeni anakosa ule ubuluu wote.

Mengine yote ni sawa kwa zote mbili: kitako cha kamera kinachofuata mwendo wa nyota, picha nyingi za dakika moja moja au mbili mbili, kisha programu inayozilundika ziwe moja. Huku kwetu kukielekeza kitako ni kazi, kwa sababu nyota ya kaskazini hatuioni, na ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 10 tu juu ya ardhi, haina nyota yenye nguvu. Na kusi likivuma mwezi Julai, stendi nyepesi itetemeke, hakuna programu itakayokuokoa.

Najua kuna jina linalowapoteza watu zaidi ya yote, nalo ni hayo Mawingu ya Magellan. Yanaitwa mawingu, lakini ni galaksi, ndogo kuliko yetu, na Kubwa liko umbali wa miaka ya nuru kama 160,000. Ukilipiga Oktoba kabla ya alfajiri, likiwa juu, utaona pembeni yake doa lenye wekundu. Hilo doa ni nebula, inaitwa Tarantula, na imo ndani ya galaksi ile, si ya kwetu. Kwenye picha hiyo moja maneno yote mawili yana mahali pake.

Kwa hiyo kijana uliyeandika "Galaksi ya Orion, nikiwa Mikindani", picha yako ni nzuri na nyota zimetulia. Badilisha neno moja tu. Andika "Nebula ya Orion". Ukitaka kulitumia lile la galaksi, ongeza kwamba nebula hiyo imo ndani ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, utakuwa umesema kweli mara mbili.