Kuvu sio sumu tu, na baharini zipo tele

Huku kwetu Mbeya mahindi yakiingia ukungu kila mtu anasema sumukuvu, na ni kweli kabisa, usile wala usimpe kuku. Ila watu wanaenda mbali wanasema kuvu zote ni sumu, halafu eti baharini haziishi sababu ya chumvi. Hapo sio.

Kuvu zinaishi baharini, kwenye sponji (wale wanyama wa baharini wenye matundu matundu), kwenye mwani, kwenye magogo ya mikoko yanayooza. Mwaka 1945 daktari Giuseppe Brotzu alichukua maji ya bahari pale Cagliari, Italia, karibu na bomba la majitaka, akapata kuvu inayozuia bakteria, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, wakaja kutoa humo sefalosporini C, kemikali inayozuia bakteria, ambayo yenyewe ilikuwa dhaifu, wakemia wakaibadilisha badilisha mpaka zikaja dawa kali kama seftriaksoni. Ile sindano ya unga mweupe nesi anaichanganya na maji kwanza ndo anakuchoma, asili yake ndo hiyo jamani!

Sasa msije mkala mkate wenye ukungu mkidhani ni tiba. Maabara wanaotesha kuvu kwenye sahani, wanakamua kemikali zake, wanaweka tone penye bakteria, pakitokea duara safi bakteria hawajaota basi kuna kitu, wanaanza kutenganisha kemikali moja moja. Mara nyingi wanakuta ni ileile iliyoshajulikana zamani, au inaua bakteria na seli za mtu pia, hiyo inaachwa.