Je, wajua kidole gumba hakina jeni yake?

Kwa nini mkono una kidole gumba upande mmoja na kidole cha mwisho upande wa pili? Wengi hudhani kila kidole kina jeni yake: moja ya gumba, moja ya shahada, na kadhalika. Hakuna kitu kama hicho. Seli za vidole vyote vitano zina jeni zilezile, ambazo zimo hata kwenye ini. Dhana hiyo ingekuwa kweli, mtoto mwenye vidole sita angehitaji jeni mpya ya kidole cha sita, na kuku, mwenye vidole vitatu bawani, angekuwa amepoteza mbili. Si hivyo. Tofauti hutokana na mahali jeni inapowashwa, kwa kiasi gani na kwa muda gani.

Mkono huanza kama uvimbe mdogo ubavuni mwa kiinitete, takriban siku ya 26 tangu mimba itungwe. Mguu hufuata muda mfupi baadaye. Jeni TBX5 huuanzisha mkono, na protini za ukuaji ziitwazo FGF, kutoka ukingo wa ncha ya uvimbe huo, huurefusha.

Suala la gumba linaamuliwa ukingo wa nyuma, upande wa mkiani, penye kundi dogo la seli. Mwaka 1968 wanasayansi John Saunders na Mary Gasseling walilihamishia kundi hilo ukingo wa mbele wa bawa changa la kifaranga, ndani ya yai. Bawa la kawaida lina vidole vinavyohesabiwa 2, 3, 4. Lile likaota 4, 3, 2, 2, 3, 4. Mwaka 1993 maabara ya Cliff Tabin, Harvard, ilionyesha kwamba seli hizo hutoa protini ya jeni Sonic hedgehog, au SHH, iliyopewa jina la mhusika wa mchezo wa video. Naam, wa mchezo wa video.

Protini hiyo husambaa kama moshi wa udi. Weka chetezo cha udi pembeni mwa chumba chenye nguo zilizotundikwa kwenye kamba toka ukuta hadi ukuta. Nguo iliyo juu ya chetezo itanukia sana, ya katikati kiasi, ya mwisho haitapata kitu. Muda nao una kazi: iliyofukizwa saa nzima hushika harufu kuliko ya dakika mbili. Katika panya, seli zilizotoa SHH zenyewe ndizo huzaa kidole cha mwisho, cha nne na sehemu ya cha kati. Cha pili hutegemea protini iliyosambaa hadi kwake. Cha kwanza hakiihitaji kabisa: panya aliyeondolewa SHH hubaki na kidole kimoja tu mguuni, kinachofanana na hicho cha kwanza. Kwa hiyo gumba huota pale moshi usipofika.

Mfano huu usivutwe mno. Majaribio ya panya yaliyochapishwa 2022 yanadai kwamba SHH ya saa chache tu inatosha kuleta vidole vyote, mradi seli zizuiwe zisife. Mjadala haujaisha.

Swichi ya SHH mkononi, iitwayo ZRS, iko karibu herufi milioni moja za DNA mbali na jeni yenyewe, ndani ya jeni nyingine. Herufi moja ikibadilika hapo, SHH inaweza kuwaka na upande wa mbele pia, na kidole cha ziada kikaota kando ya gumba, au gumba likawa na pingili tatu badala ya mbili. Paka wenye vidole vingi wa nyumba ya mwandishi Ernest Hemingway, Key West, Marekani, wana badiliko la namna hiyo. Nyoka nao wana SHH nzima, maana ubongo unaihitaji. Kilichoharibika ni swichi. Mwaka 2016 panya waliowekewa ZRS ya nyoka walizaliwa na vigutu.

Kidole cha sita kinachoonekana sana kwa Waafrika, kile cha kando ya kidole cha mwisho, kwa kawaida hakitokani na ZRS. Mara nyingi ni kinyama kisicho na mfupa, lakini hilo lithibitishwe hospitalini kabla mtu hajakifunga uzi: uzi unaweza kuleta maambukizi au kuacha kinundu.