Viza ya kwenda kwa mume Ulaya hairinyuiwi, unaomba upya kila safari

Assalaam aleikum jamani. Nimeona leo niandike maana hapa Zanzibar dawatini kwetu kwenye ushauri wa sheria hazipiti siku tatu hajaingia mtu na pasi yake kwenye bahasha ya kaki, anakaa, anavuta pumzi, halafu ananambia "nataka kuirinyuu viza yangu ya utalii, mume wangu yuko Ujerumani". Mara nyengine ni kijana wa kiume, mke wake Mtaliana, walijuana Kiwengwa wakaoana, mke karudi kwao kufanya kazi na yeye kabaki na biashara yake hapa. Stori tafauti, suala moja.

Basi jambo la mwanzo, lile neno kurinyuu litoe kichwani. Viza ya matembezi ya Schengen, yaani ile ya nchi 29 za Ulaya zilizoungana mipaka, siyo leseni ya gari kwamba ikiisha unalipa unagongewa muhuri mwaka mwengine. Ikiisha imeisha, ukitaka tena unaomba kama hujawahi kuomba, fomu mpya, picha mpya, euro 90 nyengine (zilikuwa 80 mpaka Juni 2024 wakapandisha), na ukinyimwa hazirudi. Ukiwa ushafika kule kuongezewa muda kupo, lakini ni kwa mambo mazito, umelazwa hospitali, ndege zimesimama, hapo hulipi kitu, au una sababu kubwa sana ya kibinafsi unayoweza kuithibitisha na unalipa euro 30. Kumkosa mume siyo sababu, wallahi hata ukilia mbele ya kaunta.

Sasa nikwambieni kinachowaponza wengi, ni ile stika yenyewe ya viza iliyobandikwa kwenye pasi, watu hawaisomi. Kaja dada mmoja wa Chake, pasi yake nzuri, viza ipo, kaniwekea kidole pale kwenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, "si unaona mpaka mwezi wa nane?" Nikamwambia shuka mstari mmoja chini. Hapo pameandikwa siku za kukaa, na yake ilikuwa 60. Tarehe zile mbili ni dirisha tu, ndani ya dirisha hilo ndio unachagua lini uingie na lini utoke, lakini siku za kukaa ni hizo hizo 60 na si moja zaidi. Na pembeni kuna idadi ya kuingia, 01, 02 au MULT, yaani mara nyingi. Ukiwa na 01 ukatoka hata kwenda London kwa siku mbili kumuona shangazi, kurudi Berlin huwezi tena, Uingereza haimo kwenye Schengen.

Juu ya hiyo kuna hesabu ya 90 kwa 180, na hii ndiyo mama wa matatizo yote. Maana yake kila siku uliyopo kule, wanatazama nyuma siku 180 ukihesabu na hiyo ya leo, na ndani yake usiwe umekaa zaidi ya 90. Siku ya kuingia inahesabiwa na ya kutoka inahesabiwa. Huyu dada aliingia tarehe 1 Februari 2025 akatoka 31 Machi, hizo ni siku 59, karudi nyumbani vizuri, hana kosa. Anataka kurudi 1 Juni akae miezi miwili. Haiwezekani, hata akipewa viza mpya, maana zile 59 zote bado zimo kwenye hesabu, zimebaki 31, kwa hivyo tarehe 1 Julai awe kashatoka. Lakini angevumilia mpaka 31 Julai ndipo aingie, siku za zamani zingekuwa zinadondoka moja moja nyuma yake kila anapoongeza moja mbele, na akipewa viza ya siku 90 angekaa zote 90 hadi 28 Oktoba. Tumekaa na kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu nusu saa nzima, mwisho kacheka mwenyewe. Na msitegemee kwamba afisa wa mpakani atakosea kusoma muhuri, tangu 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo wa EES, unaingia unapigwa picha na alama za vidole na kompyuta ndiyo inayohesabu.

Haya, tuje kwenye lile lililonifanya niandike. Watu wanamficha mume. Sijui nani kawafundisha, naona ni madalali wa viza hawa wanaokaa na laptop kwenye baraza, wanamwambia mtu "usiseme una mume kule, watajua hurudi, andika unakwenda kutalii, nitakutilia hoteli". Mtu anabukiwa hoteli ya uongo, anaandika hajaolewa, halafu bima kalipiwa na nani? Mume. Tiketi kanunuliwa na nani? Mume huyo huyo. Afisa siye mtoto. Na maelezo yako yanaingia kwenye mfumo wao unaoitwa VIS na yanakaa miaka mitano, safari ijayo ukija na cheti cha ndoa cha 2021 wakati fomu ya 2023 uliandika huna mume, hapo ushajichongea mwenyewe, na kukataliwa kwa karatasi za uongo ni kuzito kuliko kukataliwa kwa sababu pesa hazitoshi.

Kumtembelea mume ni sababu halali, kwenye fomu imo kabisa, kutembelea familia au marafiki. Mchumba pia, si lazima ndoa, useme tu ukweli mmejuana vipi na tangu lini. Kinachotakiwa ni mume kule afanye upande wake: Ujerumani anakwenda ofisi ya wageni ya mji wake anatia saini karatasi ya dhamana inayoitwa Verpflichtungserklärung, Ufaransa anakwenda halmashauri kuchukua attestation d'accueil, yaani karatasi ya kumpokea mgeni, Uholanzi kuna fomu yao ya udhamini. Karatasi hizi ndizo zenye uzito, siyo ile barua ya "mimi nampenda sana mke wangu" kurasa tatu.

Kwa upande wako wewe cheti cha ndoa, na kama ni cha Kiswahili kitafsiriwe, BAKITA wanatafsiri na kuthibitisha. Halafu andika mistari miwili kueleza majina, maana sisi mke habadilishi jina, anabaki na la baba yake na babu yake, Mzungu anaona mume Schmidt mke Bi. fulani binti fulani anaanza kujiuliza hawa kweli wameoana? Hilo wala si kosa lako, lakini bora ulijibu kabla hujaulizwa.

Wanachokitafuta hasa ni kitu kimoja, utarudi? Kwa hivyo onyesha kinachokurudisha. Barua ya kazini yenye tarehe ya kuanza likizo na ya kuripoti kazini, leseni ya biashara kama una duka Darajani, watoto wako skuli, shamba la mikarafuu la urithi Pemba lenye hati, barua ya sheha kuonyesha unaishi wapi. Na benki, jamani benki. Nshaona mimi stetimenti ina laki na nusu miezi mitano halafu Jumatatu zikaingia milioni sita na Ijumaa zikatoka zote, na mtu anashangaa kwa nini kanyimwa. Mshahara mdogo unaoingia kila mwezi ni bora kuliko pesa za kuazima.

Habari nzuri ni kwamba ukienda na kurudi kwa heshima kila safari, sheria yao yenyewe, tangu Februari 2020, inawataka wakupe viza ndefu zaidi. Ukishapata viza tatu na kuzitumia vizuri ndani ya miaka miwili, inayofuata ni ya mwaka mzima ya kuingia mara nyingi, baada ya hiyo miaka miwili, halafu mitano, pasi yako ikiwa ina uhai wa kutosha. Ile 90 kwa 180 inabaki pale pale lakini huhangaiki tena na boti ya kwenda ubalozini Dar kila miezi mitatu. Kwa hivyo tunza pasi ya zamani usiitupe, mihuri ya kutoka ndiyo shahada yako.

Mengine kwa haraka. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari na isipungue siku 15, balozi zenyewe ziko Dar kwa hivyo chukua miadi mapema, na ukishatoa alama za vidole zinatumika miezi 59. Bima ya matibabu ya safari isipungue euro 30,000. Pasi iwe na miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka na kurasa mbili wazi. Omba kwa nchi anayokaa mume, usende ubalozi mwengine eti foleni yao fupi.

Na kama unataka kuhamia, useme kuhamia. Hiyo ni viza nyengine kabisa, ya kuungana na familia, na kwa Ujerumani kwa kawaida mke au mume anadaiwa cheti cha Kijerumani cha A1, yaani kiwango cha mwanzo cha lugha, Goethe-Institut wapo Dar wanafundisha.

Kwa wanaouliza upande wa pili, mwenza mgeni akija huku: viza yetu ya kawaida ni dola 50, kuingia mara moja, haizidi siku 90, Mmarekani analipa 100 anapata ya mwaka lakini kila akiingia hazidi siku 90. Kupanda boti kwenda Dar na kugongewa muhuri Malindi wakati wa kurudi hakuanzi siku upya hata kidogo, Uhamiaji ni jambo la Muungano na viza ni moja. Tangu 1 Oktoba 2024 kuna na bima ya Zanzibar dola 44. Mkishaoana akitaka kukaa, nendeni Uhamiaji Kilimani mkaulizie hati ya mtegemezi mapema, siyo siku ya 89.

Ukinyimwa, unapewa fomu yenye visanduku vya sababu na kimoja au viwili vimetiwa alama, na muda wa kukata rufaa unaanza kuhesabiwa, kila nchi na wake. Njoo nayo dawatini, karatasi yenyewe kurasa zote, msitutumie picha ya WhatsApp iliyokatwa upande, maana kile kisanduku ndicho tunachokitafuta na mara nyingi ndicho kilichokatwa.